Juu Kushike, Chini Kuteleze: Uchaguzi wa Glavu kwa Mshonaji wa Mifarishi

Mwezi Juni unapoingia, hali ya hewa ya Singida huwa nyingine kabisa. Mvua zimekwishakatika, ardhi imekauka, na upepo wa uwanda wa juu hupita bila kizuizi baina ya mawe makubwa yanayouzunguka mji. Mji wenyewe umekaa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hautoshi kwa shuka moja. Katika majira kama hayo, mama mwenye cherehani nyumbani na gunia la mabaki ya vitenge na kanga ana mali ambayo pengine hajaihesabu. Mabaki yale yakiunganishwa, yakawekwa juu ya blanketi kuukuu na kufungwa kwa mishono, huwa mfarishi: nguo ya kujifunika yenye tabaka tatu, ambayo huweza kumkinga na baridi mtoto wa bweni, au kumwingizia mshonaji fedha za halali.

Lakini kuna jambo moja linalowavunja moyo wengi wanaoanza kazi hii. Viraka wameviunga vizuri, tabaka wamezipanga, ila wakifika hatua ya kuzishona pamoja, mkono unateleza. Nguo haifuati wanakoielekeza. Wanaikandamiza zaidi, mabega yanapanda, vidole vinakufa ganzi, na mstari uliokusudiwa kuwa wa mviringo unatoka umevunjikavunjika. Baada ya saa moja wanaiacha kazi, na wengine hawairudii tena. Dawa ya tatizo hili ni ndogo na bei yake si kubwa, nayo ni glavu zenye mshiko. Hata hivyo, glavu ni za aina nyingi, na ile isiyofaa hudhuru kuliko mkono mtupu. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kuchagua.

Sanaa isiyo ngeni kwetu

Kabla ya kuingia dukani, ni vyema tuondoe dhana kwamba nguo ya viraka ni jambo la kigeni lililotoka Ulaya na Marekani. Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi watu waitwao Siddi. Hao ni wazao wa Waafrika waliofikishwa India katika karne zilizopita, wengi wao kwa njia ya utumwa. Miongoni mwao wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wa Kisiddi hushona mifarishi waiitayo kawandi kwa nguo zilizochakaa. Huanzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, wakiongeza kiraka baada ya kiraka, na kwenye pembe huweka vipande vilivyokunjwa mfano wa ua. Nguo ambayo ingetupwa humfunika mtoto tena. Hiyo ndiyo tabia ya kujiepusha na israfu tuliyofundishwa na dini yetu, ikidhihirika katika uzi na sindano.

Tumewataja Wasiddi kwa sababu nyingine pia. Wao hushona kwa mkono. Nguo imetulia mapajani, sindano ndiyo inayotembea, na chombo wanachokihitaji washonaji wa namna hiyo popote duniani ni kastabini ya kukinga kidole kisitobolewe. Kwa mshonaji wa cherehani mambo yamepinduka. Sindano imesimama mahali pamoja ikipanda na kushuka, na nguo ndiyo inayotakiwa kutembea. Hivyo hitaji lake ni kuishika nguo na kuiongoza. Anayetafuta glavu akidhani anatafuta kastabini kubwa atanunua kitu kinene, kigumu, kisichomfaa.

Kazi ya mkono mbele ya sindano

Katika ushonaji wa kawaida, meno ya cherehani yaliyo chini ya mguu ndiyo huisukuma nguo, na mkono huelekeza tu. Lakini anayetaka kushona maua, mawimbi au duara juu ya mfarishi huyashusha meno yale. Cherehani nyingine zina skrubu au kitufe cha kazi hiyo. Zisizo nacho, mshonaji huyafunika meno kwa kipande chembamba cha plastiki ngumu chenye tundu la kupitisha sindano, na kipimo cha mshono akakirudisha kwenye sifuri. Kisha hufunga mguu wa kutarizia. Tangu hapo cherehani haisukumi tena chochote. Kila hatua ya nguo hutoka kwenye mikono miwili iliyotandazwa juu yake.

Sasa tutazame nguvu zinazoshindana hapo. Mkono huweza kuiburuta nguo kwa sababu ya msuguano, na msuguano huo hutegemea mambo mawili: namna viganja vinavyoshika, na uzito unaowekwa juu yake. Ngozi ikiwa kavu, kama inavyokuwa kwa upepo wa Singida wakati wa kiangazi, mshiko wake hupungua. Mshonaji hulipa upungufu huo kwa kukandamiza. Hapo ndipo anapojifunga mwenyewe bila kujua, kwani kadiri anavyokandamiza juu, ndivyo nguo inavyobanwa zaidi dhidi ya meza iliyo chini, na meza nayo huizuia isitembee. Anakuwa kama mtu anayesukuma mkokoteni huku akiwa ameukalia. Nguvu nyingi huishia kwenye vifundo vya mikono, shingo na mabega, na kidogo tu hufika kwenye mshono.

Kutokana na hayo tunapata kanuni moja inayotosha kuongoza uchaguzi wote: juu kushike, chini kuteleze. Glavu nzuri ni ile inayokuwezesha kukandamiza kidogo kuliko ulivyokuwa ukikandamiza. Ukivaa glavu na bado mabega yanapanda kuelekea masikioni, ama glavu hiyo haifai, ama tatizo liko chini ya nguo.

Anzia mezani

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutoa fedha, safisha meza ya cherehani. Futa vumbi na mafuta yaliyoganda, kisha sugua mbao kwa kipande cha mshumaa na uipanguse kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae bila kuacha nta juu yake. Wengine hutandika nailoni laini iliyovutwa na kubandikwa kingo zake. Weka meza nyingine ya kimo kilekile upande wa kushoto na nyuma ili mfarishi usining'inie. Mfarishi wa kitanda cha futi tano kwa sita, wenye blanketi ndani, una uzito wa kuhisika. Ukining'inia, hujivuta wenyewe kutoka mikononi, na hakuna glavu itakayoushinda uzito huo. Kumbuka pia kwamba nafasi baina ya sindano na nguzo ya cherehani ya kawaida ya nyumbani haizidi sana shubiri moja. Nguo yote ya upande wa kulia lazima ikunjwe kama mkeka ipite hapo, kwa hiyo kazi huanzia katikati na kuendelea kuelekea pembeni.

Aina zinazopatikana

Baada ya meza kuwa tayari, tuzitazame glavu zenyewe kwa mpangilio.

Za kwanza ni glavu za uzi wa pamba zenye vidoti vya mpira, ziuzwazo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mshiko wake ni mzuri na hewa hupita. Kasoro yake ni unene, kwani zimefumwa kwa ajili ya kubebea matofali na mbao. Fundi mwenye mkono mkubwa huweza kuzitumia, lakini mama mwenye vidole vyembamba atapata ncha zinazopwaya, jambo ambalo tutaona ni la hatari. Ukizinunua, chagua zilizofumwa kwa uzi mwembamba, na utazame kama vidoti vimefika mpaka kwenye ncha za vidole, kwa kuwa nyingine vinaishia kiganjani.

Za pili ni glavu nyembamba za nailoni zilizopakwa mpira laini au plastiki kiganjani na vidoleni. Wenye kazi za bustani na mafundi wa vyombo vidogo huzitumia. Kwa mshonaji wa mifarishi hizi ndizo zilizo karibu zaidi na anachokihitaji: hukaa mwilini, ni nyepesi, na mgongo wa mkono unapumua. Zipo hata glavu zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi hii nchi za nje, kama zile ziitwazo Machingers, za nailoni iliyofumwa na kupakwa mshiko kwenye ncha za vidole. Asiyeweza kuagiza asihuzunike. Glavu nyembamba ya bustani iliyomkaa vizuri humtimizia haja hiyohiyo.

Za tatu ni glavu za mpira za hospitali. Hushika vizuri kwa dakika chache, kisha mkono hutoka jasho na kuanza kuteleza ndani ya glavu yenyewe. Zenye unga hukichafua kitambaa cha rangi nzito. Wako pia watu ambao ngozi zao huwashwa na mpira wa asili. Hao watafute za naitraili, ambazo hazina mpira huo. Kwa kazi fupi zinafaa, kwa mfarishi mzima hazifai. Zile nene za kuoshea vyombo hazifai kabisa, kwa kuwa zinaondoa hisia za vidole.

Za nne ni zile glavu nyeusi wavaazo dada zetu kwa ajili ya sitara. Baadhi ya washonaji huzitumia kwa sababu tayari wanazo. Nyingi hushonwa kwa kitambaa laini cha kuteleza, nacho juu ya nguo huteleza kuliko ngozi tupu. Ziachwe kwa kazi yake tukufu. Mbele ya cherehani si mahali pake.

Mwisho, kuna vile vikofia vidogo vya mpira ambavyo wahesabu noti huvaa vidoleni, viuzwavyo kwenye maduka ya vifaa vya ofisi. Vinne vinatosha: kidole cha shahada na cha kati katika kila mkono. Ni njia ya gharama ndogo kwa anayejaribu. Naye anayetumia cherehani ya kuzungusha kwa mkono, ambaye mkono wake wa kulia umeshughulika na gurudumu, anahitaji mshiko kwenye mkono wa kushoto peke yake.

Kujaribu kabla ya kulipa

Chukua futi, uzungushe kiganja kwenye vifundo vya vidole bila kukihusisha kidole gumba. Vipimo vya glavu nyingi hufuata inchi za mzunguko huo: inchi saba ni namba 7, inchi nane ni namba 8, inchi tisa ni namba 9. Mkono ukiwa baina ya namba mbili, chukua ndogo, maadamu haibani damu. Ncha ya glavu iguse ncha ya kidole. Pasibaki hata nafasi ya punje ya mchele.

Kisha fanya majaribio matatu. La kwanza, ukiwa umeivaa, okota pini mezani na ushike ncha ya uzi. Ukishindwa, utalazimika kuivua kila uzi unapokatika, na punde utachoka kuivaa. La pili, weka viganja juu ya kitambaa kilichotandikwa, ukisukume mbele na nyuma kwa uzito wa mikono tu, bila kukandamiza. Kikifuata, mshiko unatosha. La tatu, sugua glavu kwa nguvu juu ya kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo. Ikiacha alama, irudishe. Kitambaa cha mteja ni amana, na doa la mpira mweusi juu ya shuka jeupe la bibi harusi si jambo la kufutwa kwa kuomba radhi.

Kwa ajili ya amana hiyohiyo, tuwe na hadhari na mafuta. Singida ni nchi ya alizeti, na si ajabu mtu kuulainisha mkono uliokauka kwa mafuta yaliyo jikoni. Mafuta hayo hupita kwenye glavu ya uzi na kuacha doa. Ngozi itunzwe usiku, wakati wa kulala. Asubuhi mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe ndipo kazi ianze.

Glavu si ngao

Lazima lisemwe waziwazi: glavu ya mshiko haizuii sindano. Sindano ya cherehani hupenya tabaka tatu za nguo, wala haitashindwa na nailoni. Zaidi ya hapo, ncha inayopwaya huweza kunaswa na sindano na kukivuta kidole ndani. Ndiyo sababu tumesisitiza kipimo. Tandaza mikono pande mbili za sindano mfano wa fremu, kila mkono uwe mbali nayo kwa upana wa vidole vitatu hivi, na simama kila unapotaka kuisogeza mikono. Usiisogeze ilhali mguu unakanyaga. Vua glavu unapogusa mkanda au gurudumu, na unapobadilisha sindano ondoa kabisa mguu kwenye kikanyagio. Kama ni cherehani ya umeme, izime.

Vumbi la nyuzi nalo huziba mshiko. Glavu ikianza kuteleza, usidhani imekufa. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha ianike kivulini. Jua kali hukausha mpira ukapasuka.

Udhu na mshiko

Jambo lingine linawahusu wasomaji wetu mahsusi. Asiye na glavu huweza kushawishika kupaka gundi au mpira wa maji kwenye ncha za vidole, au kuzifunga kwa plasta, ili apate mshiko. Tabaka lile huzuia maji kufika kwenye ngozi na kucha, na udhu hautimii mpaka maji yafike. Bendeji iliyofungwa kwa ajili ya jeraha ina hukumu zake na ruhusa zake. Plasta ya mshiko haina udhuru huo. Vivyo hivyo, glavu hazipanguswi juu kama zinavyopanguswa khuffu za miguuni. Zinavuliwa, mikono inaoshwa. Hapa glavu inaonyesha ubora wake juu ya gundi: adhana inapolia, huvuliwa kwa sekunde mbili, na mshonaji akaenda kwenye swala yake bila kukwangua vidole.

Tena mapumziko hayo ni rehema kwa viungo. Mafundisho ya Mtume wetu (SAW) yametuwekea wazi kwamba mwili wa mtu una haki juu yake. Anayeshona kuanzia Adhuhuri mpaka Magharibi pasipo kunyoosha mgongo anaupunguzia mwili haki hiyo, hata kama glavu zake ni bora kuliko za wote. Kila baada ya nusu saa hivi, simama, shusha mabega, kunja na kukunjua vidole. Ganzi ikiendelea hata usiku, au maumivu yakikuamsha usingizini, nenda kituo cha afya; hilo limevuka mpaka wa glavu.

Mkono mrefu

Huenda mtu akauliza kama jambo dogo kama glavu linastahili maneno mengi kiasi hiki. Jibu limo katika historia ya mama zetu, wake wa Mtume (SAW). Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba aliwaambia kuwa atakayetangulia kumfuata miongoni mwao ni yule mwenye mkono mrefu zaidi. Wakawa wanapimana mikono. Baadaye ikabainika kwamba aliyekusudiwa ni Zaynab bint Jahsh (RA), ambaye alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka. Urefu wa mkono ulikuwa ni kheri iliyotoka ndani yake.

Mkono wa mama wa Singida aliyeinama juu ya cherehani, akigeuza mabaki ya vitenge kuwa joto la mtoto na ada ya madrasa, uko katika njia hiyohiyo. Mkono kama huo haupaswi kuchakazwa kabla ya wakati wake kwa kukosa kitu ambacho bei yake ni ndogo kuliko bei ya mfarishi mmoja. Basi ndugu msomaji, uwe mshonaji au mume wa mshonaji, binti au kaka yake, utakapopita dukani beba futi mfukoni, ujue kipimo cha mkono unaoununulia, na ukumbuke kanuni yetu: juu kushike, chini kuteleze. Mwenyezi Mungu aibariki mikono inayochuma halali, na aifanye kuwa mirefu. Amin.